Mtoto Asiitwe Kabla ya Siku Zake

Mimba ikifika mwezi wa tisa, maneno huwa mengi. Tumbo limeshuka, miguu imevimba, usingizi haupatikani, na kila jirani apitaye mbele ya nyumba auliza, "Je, bado?" Ndipo swali moja huzunguka kati ya akina mama: Ya nini kungoja? Si kuna sindano? Si kuna kidonge? Si kuna mizizi ya bibi? Kwa nini mtoto asitoke leo, baba yake akiwa yupo nyumbani? Swali hilo si la upuuzi, wala mama anayeliuliza si mama mbaya. Lakini jibu lake laweza kuwa la uzima au la kifo. Kwa hiyo juma hili nataka tulizungumze polepole, baba na mama pamoja. Na ninyi vijana wa madarasa makubwa, msifunike ukurasa huu mkidhani hauwahusu.

Fungurume twaijua. Ni mji wa teritori ya Lubudi, kati ya Likasi na Kolwezi, karibu na Tenke, pale njia ya gari la moshi inapogawanyika, moja ikielekea Kamina na nyingine ikienda Kolwezi hata Dilolo. Tangu mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume ulipoanza kutoa shaba na kobalti mwaka 2009, watu wamemiminika huko kutoka pande zote kutafuta kazi. Na maisha ya mgodini huhesabiwa kwa saa. Kuna zamu ya mchana na zamu ya usiku, kuna siku za kazi na siku za kupumzika, na mshahara una tarehe yake. Basi mtu aliyezoea kuishi hivyo huona vigumu kukubali kwamba tumboni mwa mke wake hakuna karatasi ya zamu.

Baba asema: "Nipo nyumbani mpaka Jumapili tu, afadhali azae sasa." Mama mkwe amekuja kutoka mbali kumsaidia, naye shamba lake lamngoja. Mama mwenyewe amechoka, na haki anayo ya kuchoka. Na pengine, tusifichane, mtu wa zahanati naye ana haraka yake: usiku unaingia, taa haina mafuta, kitanda ni kimoja na mama wa pili amekwisha fika mlangoni. Sindano moja, na kazi imekwisha. Ndivyo wanavyofikiri.

Kwanza tutazame hesabu yenyewe ya siku. Mimba huhesabiwa majuma 40, ndizo siku 280, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tarehe iliyoandikwa katika fishi ya mama ni kadirio. Watoto wachache sana huzaliwa siku ile ile. Mtoto anayezaliwa baada ya juma la 37 kutimia na kabla ya juma la 42 kutimia amezaliwa kwa wakati wake. Hayo ni majuma matano mazima! Lakini mara ngapi tunamsikia mtu akisema, "Amepitisha siku nne, mtoto amechelewa"? Hakuchelewa hata kidogo.

Tena tarehe hiyo imetoka wapi? Mama aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha huenda hakuona hedhi mwaka mzima. Atajuaje siku ya kuanzia? Mwingine aenda kupimwa mara ya kwanza katika mwezi wa sita au wa saba, mwuguzi apima tumbo kwa utepe, akadirie, aandike. Ekografi ya miezi mitatu ya kwanza hukosea siku chache tu. Ile ya mwezi wa tisa yaweza kukosea majuma matatu. Kwa hiyo mama aambiwaye leo, "Umetimiza majuma 40," huenda kweli ana 37 au 36. Ukimlazimisha mtoto atoke siku hiyo, huenda umemtoa njiti bila kujua.

Naye mtoto katika majuma ya mwisho hakai bure tumboni. Wengi hudhani amekwisha timia na sasa anaongezeka unene tu. Sivyo. Mapafu yake yanatengeneza utomvu unaoyazuia yasinywee na kushikamana anapovuta pumzi ya kwanza. Mafuta yanajengeka chini ya ngozi ili aweze kushika joto. Anajifunza kunyonya na kumeza kwa mpango. Hata ubongo: mtoto wa juma la 35 ana ubongo wenye uzito wa kama theluthi mbili tu za uzito utakaokuwapo juma la 40. Mtoto aliyetolewa mapema aweza kuonekana mzuri machoni, ana vidole vyote na nywele nyingi, lakini usiku anapoa, hanyonyi kwa nguvu, macho yanageuka manjano, na pumzi zake ni za haraka haraka. Katika hospitali kubwa wana mitambo ya kumsaidia. Katika zahanati ya njiani wana blanketi.

Sasa tuje kwa dawa zenyewe. Wanafunzi mtapenda kujua habari zake. Mwaka 1906 mtaalamu mmoja Mwingereza, Henry Dale, aliona ya kuwa maji yaliyotolewa katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hukaza mji wa mimba wa mnyama. Mwaka 1909 daktari William Blair Bell akaanza kuieleza dawa hiyo kwa wakunga na waganga wa uzazi. Ilipokelewa kwa furaha, ikatumiwa ovyo, na muda si muda wakaanza kuona mama waliopasuka mji wa mimba na watoto waliokufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud alifaulu kuitengeneza dawa yenyewe kwa ufundi wa kemia, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Inaitwa oksitosini, na jina hilo kwa Kiyunani lina maana ya kuzaa upesi. Angalieni basi: haraka imo katika jina lake tangu mwanzo.

Ili tufahamu hatari yake, yafaa tujue uchungu hufanyaje kazi. Mji wa mimba ni msuli. Unajikaza, halafu unalegea. Unajikaza tena, halafu unalegea. Unapojikaza, damu iendayo kwenye kondo la nyuma hupungua, na mtoto hukaa kama mtu aliyezamia majini akizuia pumzi. Unapolegea, mtoto hupata hewa yake kupitia damu ya mama. Kila mapumziko ni pumzi ya mtoto. Uchungu wa asili hujua kupumzika. Dawa ikizidi, msuli hujikaza juu ya kujikaza, mapumziko hayapo, na mtoto azama asipate nafasi ya kuibuka. Akitoka akiwa hai, huenda amekwisha dhurika ubongo, na wazazi watauona mzigo huo miaka yote: mtoto asiyekaa, asiyesema, mwenye kifafa.

Na mama je? Mlango wa kizazi kabla ya wakati wake ni mgumu kama ncha ya pua. Ukiwa tayari, ni laini kama mdomo. Dawa ikisukuma mtoto juu ya mlango uliofungwa, nguvu hizo zaenda wapi? Mama ahangaika siku nzima na usiku kucha, mwishowe hupasuliwa, ambapo angalizaa mwenyewe juma lililofuata. Au msuli wenyewe wachanika. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mama aliyekwisha zaa mara nyingi, na ni kubwa sana kwa mama mwenye kovu la upasuaji wa zamani. Sasa kumbukeni ya kuwa katika nchi yetu hesabu iliyofanywa mwaka 2013 na 2014 ilionyesha kwamba mwanamke wa Kongo huzaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Mama wa mimba ya saba si mtu wa kufanyiwa majaribio ya sindano.

Mji wa mimba ukipasuka, damu humwagika ndani, pengine bila kuonekana nje. Uchungu wakoma ghafula, na wasiojua hufurahi wakisema mama amepata nafuu. Kumbe hapo ndipo anapokufa. Anahitaji chumba cha upasuaji, daktari na damu, na saa ni chache. Hesabu hiyo hiyo ya mwaka 2013 na 2014 ilikadiria vifo vya mama 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika Kongo. Si wote waliokufa kwa ajili ya sindano, la. Wengi walikufa kwa kutokwa na damu, kwa kifafa cha mimba, kwa homa ya uzazi na kwa kuchelewa njiani. Lakini kwa nini tuongeze hata mmoja kwa mikono yetu wenyewe?

Oksitosini ikitumiwa kwa kuanzisha uchungu, hutiwa katika chupa ya seromu na kuingia mshipani tone kwa tone, na mtu hukaa hapo akihesabu matone, akiweka mkono tumboni, akisikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara. Uchungu ukizidi, hufunga mara moja. Sindano ya msulini haifungwi. Ikiisha ingia, imeingia, huwezi kuirudisha. Mtu yeyote anayemchoma mama mwenye mtoto tumboni sindano ya namna hiyo ili "kumsaidia asukume" anacheza na watu wawili. Tena dawa hiyo huharibiwa na joto. Hutakiwa kukaa penye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokaa juani katika sanduku la pikipiki hupoteza nguvu. Mwuguzi aona haifanyi kazi, aongeza. Kesho apata chupa mpya yenye nguvu zote, atumia kiasi kile kile alichozoea jana. Mnaona hatari yake.

Halafu kuna kidonge kiitwacho misoprostoli. Kilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Baadaye waganga waliona ya kuwa hulainisha mlango wa kizazi na kuleta uchungu, na kwa kazi hiyo Shirika la Afya Duniani lashauri kiasi cha mikrogramu 25 kwa mara moja. Lakini kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200. Kigawe mara nane uone kama vipande vyako vitalingana! Mama anayenunua kidonge kizima dukani na kukitumia chumbani kwake amejitwika mara nane ya kiasi chake, bila mtu wa kumtazama. Na mwenye kovu la upasuaji hapaswi kuanzishiwa uchungu kwa kidonge hicho hata kidogo.

"Basi mizizi ya bibi ni salama, maana haitoki kiwandani." Wazazi wapenzi, ningependa iwe hivyo. Lakini mizizi inayokaza mji wa mimba yaukaza kwa njia ile ile, tena hakuna anayejua nguvu iliyomo ndani ya kikombe. Katika nchi ya Malawi, ambako dawa ya mitishamba ya kuharakisha uzazi huitwa mwanamphepo, wauguzi wamepata taabu nyingi na mama wanaofika wakiwa wamekwisha kunywa, hasa wakiongezewa ya hospitali juu yake. Mama aliyekunywa kitu nyumbani na aseme mara anapofika. Naye mwuguzi asimfokee, maana akimfokea, wa pili ataficha.

Kuna jambo jingine nyuma ya mizizi hiyo, nalo linanikera. Katika jamaa nyingi zetu, mimba ikionekana kuchelewa au uchungu ukiwa mrefu, watu huanza kunong'ona ya kuwa mama ametoka nje ya ndoa, na kwamba hatazaa mpaka ataje jina la mwanamume. Mwanamke maskini hunywa chochote atakachopewa ili mtoto atoke kabla ya maneno kuanza. Huo ni ukatili. Mtoto huchelewa kwa sababu ya namna alivyolala, au ya nyonga ya mama, au ya hesabu mbovu ya majuma tuliyoisema hapo juu. Uaminifu wa mke haupimwi kwa mlango wa kizazi. Wanaume mnaosoma haya, nyamazisheni dada zenu na mama zenu wanapoanza masingizio hayo; ninyi ndio mtakaosikilizwa.

Lakini mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba kuanzisha uchungu ni kosa daima. Kuna mama ambao kungoja ndiko kunakowaua. Mama mwenye shindikizo kubwa la damu, anayeumwa kichwa, anayeona vimulimuli na kuvimba uso, huyo yuko mlangoni pa kifafa cha mimba. Mama ambaye maji yamepasuka, siku zimetimia, na uchungu hauji. Mama mwenye ugonjwa wa sukari. Mama ambaye mtoto amekufa tumboni. Mama aliyepitisha juma la 41 kwa hesabu ya hakika: hao daktari akiwaambia ya kuwa yafaa kuanzisha, wasikatae. Huko Uswidi, mwaka 2019, walichapisha uchunguzi wa mama 2,760. Nusu walianzishiwa uchungu juma la 41 lilipotimia, nusu waliachwa mpaka la 42. Walipoona watoto 6 wamekufa katika kundi lililongoja, wala hakuna hata mmoja katika lile lingine, waliusimamisha uchunguzi kabla ya mwisho wake. Kungoja nako kuna mpaka.

Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichunguza hospitali za nchi 24, pamoja na Kongo yetu, kati ya mwaka 2004 na 2008. Katika Sri Lanka mama 35 kwa kila 100 walianzishiwa uchungu. Katika Niger hawakufika 2. Kwa nchi zote za Afrika zilizochunguzwa, wapata 4. Na kati ya Waafrika waliokuwa na sababu ya kweli ya ugonjwa, wengi hawakuipata huduma hiyo. Ndiyo taabu yetu: anayeihitaji yuko kijijini bila daktari, na asiyeihitaji anachomwa sindano penye duka la dawa.

Msomaji mwenye elimu ataniambia: "Lakini Marekani waliandika mwaka 2018 kwamba kuanzisha uchungu katika juma la 39, hata bila ugonjwa, hakuna hatari." Ni kweli, uchunguzi huo upo. Mama zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Watoto hawakudhurika zaidi, na waliopasuliwa walikuwa kama 19 kwa 100 katika walioanzishiwa, na 22 katika walioachwa. Lakini someni vizuri. Mama wale walijua umri wa mimba kwa hakika. Walikuwa hospitalini, mashine ikisikiliza moyo wa mtoto, dawa ikipimwa kwa mtambo, chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Mtu akichukua sindano yao na kuyaacha hayo mengine yote, hakufuata mfano wao. Shirika la Afya Duniani katika mashauri yake lataka sababu iliyo wazi ya kiganga, lataka mama asiachwe peke yake, na lataka kazi hiyo ifanyike, kila inapowezekana, mahali penye upasuaji.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mama, leo tutakuanzishia," una haki ya kuuliza kwa heshima: Sababu ni nini? Majuma mmeyahesabu kwa njia gani? Nani atakaa nami usiku? Ikishindikana, nitapasuliwa wapi? Mwuguzi mwema hachukizwi na maswali hayo. Na yule anayechukizwa, baba, mchukue mkeo mwende kwingine.

Najua mtasema gari ni ghali. Ni ghali kweli, hasa usiku na wakati wa mvua, barabara ikijaa malori ya shaba. Serikali ilianza mwaka 2023 huko Kinshasa mpango wa mama kuzaa bila malipo. Lakini gari la usiku halimo katika mpango wowote. Tangu mwezi wa sita baba aweke kando faranga kidogo kidogo, asiziguse hata kwa sherehe ya shemeji. Azungumze mapema na mwenye gari au pikipiki anayeaminika, na jirani aijue namba yake ya simu. Na kama kazi itamweka mgodini siku ya kuzaa, basi mtoto azaliwe akiwa mgodini. Baba atarudi amkute mzima.

Neno moja la mwisho, ili nisilete ubaya nikitaka wema. Mtoto akiisha kutoka, mwuguzi humchoma mama sindano ya oksitosini. Hiyo ni dawa ile ile, lakini sasa tumbo halina mtoto. Kazi yake ni kuukaza mji wa mimba ili damu isimwagike, nayo imeokoa mama wengi mno. Sindano hiyo msiikatae kamwe. Ikiwa hamkuipewa, iulizeni.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kitovu cha mtoto mchanga, na juu ya wale wanaokipaka majivu na mafuta ya gari.